Kitovu cha Nani?

Kitovu huzikwa. Kikishakauka na kumdondoka mtoto, bibi hukichukua akakifukia uani, na tangu hapo mtoto ana kwao. Miaka hamsini baadaye, akiwa na mvi na hati ya kusafiria ya nchi nyingine, bado ataambiwa kwamba kitovu chake kimezikwa Bungu, au Utete, au Nyamisati, na hatakuwa na la kujibu. Mtu huhama nyumba, huhama nchi, wengine huhama hata dini, kitovu hakihami.

Sasa fungua gazeti lolote la Kiswahili, ukurasa wa habari za kimataifa. Utaambiwa Dubai ni kitovu cha biashara, Brussels kitovu cha siasa za Ulaya, London kitovu cha fedha za dunia. Naelewa ilivyotokea. Mtafsiri alikuwa na dakika chache, mbele yake kuna neno la kigeni linalotaja katikati ya gurudumu, pale spoku zote zinapokutana. Akatafuta katikati ya mwili, akaandika kitovu. Kwa ramani hakukosea. Kwa desturi alipindua kila kitu. Mji unaokusanya walimwengu ni ule ambao wengi wa wakazi wake vitovu vyao vimezikwa kwingine. Sensa ya Uingereza ya mwaka 2021 ilikuta kwamba katika kila wakazi kumi wa London, wanne walizaliwa nje ya nchi hiyo. London ni mahali ambapo vitovu havipo, na ndiyo maana watu wamejaa.

Neno limeshaota mizizi, silitarajii kung'oka. Kamusi zitalipa maana ya pili, kama zilivyoyafanyia mengi kabla yake, na wajukuu hawatajua kulikuwa na tatizo. Lakini swali lililokuwa mbele ya yule mtafsiri bado ni swali zuri: mji ukibadilika mpaka ukawa wa watu wa kila upande, Kiswahili kinauitaje? Kibiti na delta ya Rufiji, pwani ya Tanzania, ni mahali pazuri pa kuliuliza, kwa kuwa dunia imekutana huku mara nyingi kuliko wanavyodhani watu wanaopita na basi la Lindi wakinunua korosho dirishani.

Katika Wilaya ya Kibiti kuna kata inaitwa Mtawanya. Vyovyote jina lilivyoanza, sikio la Mswahili haliwezi kulisikia bila kukisikia kitenzi kutawanya: kumwaga nafaka ikaenda kila upande, kuvunja baraza kila mtu akashika njia yake. Wagiriki walikuwa na neno la namna hiyohiyo kwa mbegu zinazorushwa shambani, na kutoka huko ikaja diaspora, ambayo sasa inatamkwa bungeni Dodoma na kwenye vikao vya harusi vya Watanzania walioko Minnesota. Baadhi ya watafsiri wetu wamejaribu kuigeuza kuwa mtawanyiko. Wengi hawakuipenda, wakidai inanukia maandamano yaliyopigwa mabomu ya machozi. Mimi naiona sahihi kuliko ughaibuni, ambayo inamtazama aliyeondoka kwa macho ya aliyebaki: hayupo, haonekani, ameghibu. Mtawanyiko hausemi nani hayupo. Unasema tu kwamba kilichokuwa rundo sasa kiko kila mahali, na kila mahali huko kinaweza kukutana na kilichotawanyika kutoka rundo jingine. Hakuna makutano bila mtawanyiko uliotangulia.

Kibiti ilimegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katikati ya miaka ya 2010, ikawa wilaya yenyewe. Neno wilaya ni la Kiarabu, nalo lina ndugu wengi pwani hii. Liwali, yule aliyekaa barazani kwa niaba ya Sultani akiamua kesi za watu, ni al-wali, mtawala wa wilaya. Nduguye mwingine alipitia Uajemi na India, ambako vilayat ilikuja kuwa jina la nchi ya mbali wanakotoka watawala, yaani Uingereza na majirani zake. Sisi tunamwita Ulaya. Kwa hiyo mkazi wa Mtawanya anayeandika kwenye fomu ya halmashauri kwamba yeye ni wa Wilaya ya Kibiti, na binamu yake anayetuma picha kutoka Ulaya akiwa kwenye theluji, wanatumia neno lilelile, moja limepita mlango wa serikali na jingine limepita mlango wa baharini. Kila mmoja anakaa kwenye jimbo la mtu.

Lugha ya serikali huipima miji kwa cheo. Kuna kitongoji, kuna kijiji, kuna mji mdogo, mji, manispaa, halafu jiji. Kijiji na jiji vimetoka tumbo moja na mji: kimoja kimetiwa kiambishi cha udogo, kingine cha ukubwa. Ngazi hii inafanana sana na ile ya wauza miti ya mikoko, ambao huita mti kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Ukishautaja, mnunuzi anajua bei. Tofauti ni kwamba mti haupandishwi cheo kwa tangazo. Dodoma ilitangazwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, na Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ikavunjwa na hadhi ya jiji ikapewa Ilala. Asubuhi yake daladala za Kinondoni zilikuwa na msongamano uleule. Hakuna abiria aliyelalamika kwamba amelala jijini na kuamkia manispaa.

Mambo kama haya yalianza zamani, na kwa bahati njema mfano wa kwanza tulio nao unaelekea kuwa wa hukuhuku. Katikati ya karne ya kwanza, mfanyabiashara wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki alitunga mwongozo wa njia za bahari, Periplus ya Bahari ya Eritrea. Mwisho wa safari yake kusini mwa pwani ya Azania aliweka mji uitwao Rhapta, na akaeleza kwamba jina lake limetokana na vyombo vilivyoshonwa. Sisi tunavijua: mtepe haukupigwa misumari, ulishonwa kwa kamba za nazi. Palikuwa na pembe nyingi za ndovu na magamba ya kasa. Wafanyabiashara wa Muza, kule Yemen, walipeleka manahodha na mawakala waliozoea wenyeji, wakaoa kwao na kuijua lugha yao. Sentensi hiyo moja ya miaka elfu mbili inaeleza mji wa pwani kuliko vitabu vingi vilivyofuata.

Sasa istilahi. Mwandishi wa Periplus aliuita mji huo emporion, gulio linalofikiwa na wafanyabiashara kutoka ng'ambo. Miaka mia hivi baadaye, Ptolemy wa Aleksandria alipoandika jiografia yake, akauita Rhapta metropolis, yaani mji mama. Mmoja ametazama kinachofanyika hapo, mwingine ametazama ukubwa wa hapo. Pembe ni zilezile, bahari ni ileile. Mtaalamu aliyekaa maktabani ndiye aliyepandisha cheo. Ugomvi wa kitovu na gulio, basi, si wa jana.

Rhapta ilikuwa wapi hasa, wanazuoni wanavutana, na delta ya Rufiji ni mojawapo ya majibu yenye nguvu. Nguvu hiyo iliongezeka mwaka 1999, Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipochapisha taarifa ya shanga za kioo za Kirumi alizozipata akichimba eneo la Rufiji. Shanga ni kitu kidogo, kinaingia kwenye mfuko wa shati. Lakini fikiria umbali: kioo kilichoyeyushwa ndani ya dola ambayo mji wake mkuu ulikuwa Roma, kikavuka Misri, kikashuka Bahari ya Shamu, kikapelekwa na kaskazi mpaka kwenye matope ya Rufiji, kikavaliwa shingoni na mtu ambaye pengine hakujua kama kuna Roma, wala Roma haikumjua yeye. Siku hizo Roma ndiyo iliyokuwa mji wa Ulaya uliobadilika ukawa makutano ya walimwengu, na uzi mmoja wa makutano hayo ulifungwa huku.

Kaskazi hiyo ndiyo mhusika mkuu wa habari yetu, naye ana istilahi yake: msimu. Kwa Kiarabu mausim ni wakati uliopangwa, wakati wa jambo kutokea. Wareno walilichukua neno hilo wakalipeleka kwao, na Ulaya nzima ikalifanya jina la upepo. Sisi tumebaki na maana ya wakati. Msimu wa embe, msimu wa korosho, msimu wa ligi. Kwa majahazi ya Ghuba ulikuwa wakati na upepo kwa pamoja: unashuka na kaskazi kuanzia Desemba, unapanda na kusi inapoanza, na katikati unasubiri. Huwezi kumwomba kusi aje mapema.

Kilichowaleta ni mti. Delta ya Rufiji ina takriban hekta 53,000 za misitu ya bahari, na watu wa visiwani wanazijua tofauti za miti yake hata gizani: mkoko wenye mizizi ya juu, mkandaa wa ngozi na rangi, mchu, mlilana, msinzi, mkomafi. Mgeni huiita yote mikoko. Boriti za mkoko na msinzi ni nzito, zimenyooka, mchwa hawazipendi, na nchi za Ghuba hazina miti ya namna hiyo. Basi nyumba za Kuwait, Bahrain na pwani ya Uajemi zikaezekwa kwa miti iliyokatwa huku. Huko boriti huitwa chandal. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti, kama ilivyo Lamu na Unguja. Tajiri angeweza kukirefusha chumba apendavyo, lakini hakuweza kukipanua. Mtu amelala chali Kuwait mwaka 1920, anachokiona juu yake ni Rufiji.

Boriti haziuzwi moja moja, zinauzwa kwa korja. Korja ni ishirini. Neno hili lilizunguka bahari yote ya Hindi na wafanyabiashara wa nguo na miti, na nalipenda kwa sababu ni istilahi halisi ya makutano: haikutoka kwenye kamati, ilitoka mahali ambapo watu wa lugha nne wanataka kukubaliana hesabu kabla maji hayajakupwa. Nahodha ni la Kiajemi, bandari ni la Kiajemi, forodha ni la Kiarabu, tanga ni la kwetu. Hakuna aliyesimama kusema tusitumie neno la mwenzetu.

Mwaka 1939 baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alifika delta ndani ya jahazi la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, na mwaka uliofuata akatoa kitabu kuhusu safari hiyo. Walikuja kupakia boriti. Mabaharia wenyewe, waliokuwa wamevaa vizuri na kuimba Zanzibar, waliingia kwenye matope na mbu wakabeba. Nikisoma habari za safari hiyo, kinachonivutia si ushujaa wa tanga. Ni idadi ya watu waliokutana kwa ajili ya kijiti: mkataji wa Kinyagatwa, karani wa misitu wa serikali ya Kiingereza pale Salale, nahodha wa Kuwait, mabaharia wengine wa asili ya Afrika wenyewe wakiwa kizazi cha mtawanyiko wa aina nyingine, wa kulazimishwa, na Mwaustralia mmoja mwenye kamera. Salale haikuwa mji wala mji mdogo. Kwenye ngazi ya serikali leo isingefika mbali. Kwa kazi iliyofanyika pale, miji mikuu mingapi ya Ulaya ya wakati ule ingeweza kujilinganisha nayo?

Mafuta ya Kuwait yakaleta chuma na zege, majahazi yakapungua, na Tanzania nayo ikaanza kuilinda mikoko yake. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa likaandikwa kwenye orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, chini ya mkataba uliotiwa saini mwaka 1971 kwenye mji wa Ramsar. Ramsar iko Iran. Wateja wa boriti wa ng'ambo ya Ghuba, kwa namna fulani, wamerudi wakiwa mkataba.

Nimesema majahazi yalikuwa yakisubiri, na hapo pana jambo ambalo wapangaji wa miji hulisahau. Makutano hutengenezwa na kuchelewa. Aliyesafiri kwenda kusini kabla ya Agosti 2003 anaikumbuka pantoni ya Ndundu: magari yamepanga foleni, mto umejaa, na wewe huna la kufanya isipokuwa kula samaki, kuuliza jina la aliye karibu yako, kugundua kwamba mjomba wake na shangazi yako walisoma pamoja. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa, karibu mita 970, wote tulishangilia, na tulikuwa na haki. Sasa Rufiji inavukwa kwa dakika moja. Kusubiri kukahamia Kibiti na Ikwiriri, kwenye stendi, ambako basi linasimama kwa sababu ya choo na chapati. Neno stendi lenyewe limetoka kwenye kusimama kwa Kiingereza, na wote waliojaribu kulibadilisha kuwa kituo kikuu wameshindwa na makondakta.

Kibiti ni njia panda. Barabara ya lami inakwenda Lindi na Mtwara. Nyingine inaingia bara kuelekea Mloka, kwenye lango la hifadhi iliyokuwa Selous na tangu 2019 sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na huko juu ndiko kampuni za Misri zilikojenga bwawa la umeme la megawati 2,115. Anayekwenda Mafia anaiacha barabara kuu Bungu, anashika ya Nyamisati. Panda ni pale tawi linapogawanyika, na neno linatazama pande mbili kwa wakati mmoja: kwa anayekuja ni makutano, kwa anayekwenda ni mtawanyo. Ukiwa umesimama palepale, huwezi kusema ni lipi kati ya hayo mawili. Natamani watu wa mipango wangelitumia kwenye hati zao.

Vita pia hukutanisha, ila lugha yake ni fupi. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha kwenye mikondo ya delta baada ya kuizamisha meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar. Waingereza walileta meli mbili zilizokuwa zimeundwa kwa ajili ya mito ya Brazil, wakarusha ndege kutoka Mafia, wakamtumia mwindaji wa Afrika Kusini kupima kina cha maji, na Julai 1915 Wajerumani wakaizamisha manowari yao wenyewe. Manowari ni neno la mabaharia wa Kiingereza. Mji ulioipa meli jina nao haupo tena kwenye ramani kwa jina hilo, ni Kaliningrad ya Urusi.

Mahali pa kukutana panahitaji istilahi za watu, si za mahali tu, na hapo ndipo Kiswahili cha pwani kina ukali wake. Mwenyeji: ndani yake anasikika mwenye mji. Mgeni ana siku mbili. Ya tatu, methali inasema, apewe jembe, na jembe hilo si adhabu, ni uraia. Akishalima si mgeni tena. Lakini kuna neno la tatu ambalo halimo kwenye methali: wakuja. Mtu anaweza kulima miaka thelathini akabaki mtu wa kuja. Wafugaji walioondolewa Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007 walifika Rufiji na Kibiti na ng'ombe wao, Wasukuma na Wamang'ati, na lugha ya mashamba ya mpunga ikabadilika. Maneno ya malisho yakaingia mahali palipokuwa na maneno ya mlau, kile kilimo cha baada ya mafuriko. Wandengereko wenyeji na Wasukuma leo wanauziana. Wakigombana, neno wakuja hutoka kabla ya ngumi.

Na miaka ya 2016 na 2017, viongozi wa vijiji na askari wa polisi walipokuwa wakiuawa Kibiti, Rufiji na Mkuranga, likaja neno la nne: watu wasiojulikana. Lilianza kama taarifa, likawa jina, halafu nchi nzima ikalichukua kwa mambo yake mengine. Pikipiki zikapigwa marufuku usiku. Mtu aliyeshuka stendi jioni bila mwenyeji wa kumpokea hakuwa mgeni tena, alikuwa asiyejulikana, na hapo kila kitu kinachoufanya mji kuwa mji kilisimama. Nimelitaja kwa sababu istilahi za makutano zinaweza kufa, na hii ilionyesha namna: mgeni alipoteza neno lake kabla hajapoteza usalama wake.

Nirudi London, maana nilianza kuisengenya. Kwa wengi wa delta London ilifika kwanza kama sauti: Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, na kwa miaka mingi habari za Dar zilisikika Rufiji zikitokea London. Mji wenyewe ulikuwa diko. Diko ndilo neno langu, nalitoa kwa wahariri bure. Zanzibar hupaita hivyo pale vyombo vinaposhusha. Ziwa Victoria wao husema mwalo. Gati za mashariki mwa London zilishusha sukari ya Karibi, chai ya India, na pembe za ndovu ambazo nyingi zilipitia Zanzibar. Ghala la miaka ya 1850 linaloitwa Ivory House lingalipo pale St Katharine Docks, sasa ni nyumba za kuishi. Kati ya miaka ya 1960 na mwanzo wa 1980 gati hizo zilifungwa moja baada ya nyingine, kwa kuwa meli za makontena hazikuweza kuingia. Palipojengwa maghorofa ya mabenki panaitwa Canary Wharf, kwa sababu ya matunda yaliyokuwa yakitoka visiwa vya Canary. Jina la diko limebaki, bidhaa zimeondoka, na kinachoshuka sasa ni watu: Wahindi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 na Kiswahili chao cha dukani, Wakongo wa Bukavu, wauguzi wa Kenya, wanafunzi wa Mbagala. Diko halimwulizi anayeshuka kitovu chake kiko wapi. Linauliza amebeba nini na atakaa mpaka lini. Serikali ndizo zinazorudi kwenye kitovu, ikiwemo yetu, iliyozungumzia hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine. Hapo asili ni kitovu kilichovaa suti.

Bado kuna neno mjini. Mtu wa Mtawanya akisema anakwenda mjini, ana maana ya Kibiti. Wa Kibiti akisema hivyo, anapanda basi la Dar. Wa Mbagala, ambaye kwa sheria yuko Dar tayari, akisema mjini anamaanisha Kariakoo au Posta.

Lamu mji huitwa mui, na kaskazini zaidi, Barawa ya Somalia, wenyeji waliuita mji wao Mwini, yaani mjini tu, bila jina jingine, na lugha yao, ndugu wa Kiswahili, ikaitwa Chimwini. Baada ya vita vya 1991 wengi walikimbilia Mombasa kwa majahazi, kisha wakatawanyika. Jamii yao mojawapo iko kaskazini mwa London, upande wa Barnet. Mtoto aliyezaliwa huko akimwamkia nyanya yake kwa Chimwini anasema lugha ya mjini, na hakosei, kwa sababu kiambishi -ni hakikuwahi kusema mji upi.